Majiko ya Mama

Nyuma ya msikiti,
Rahaleo,
Mtwara.
12 Juni, 2024

Mpendwa mdogo wangu Sharifa,

Assalaam alaykum warahmatullah. Naanza kwa kukuulizia hali, wewe na shemeji Mustafa, pamoja na wale mapacha wenu ambao mpaka leo nawajua kwa picha tu, na katika kila picha mmoja wao amefumba macho. Miguu yako je, imeacha kuvimba? Ulisema kutwa nzima unasimama sokoni hapo Nampula na vitenge begani. Kaa chini, mdogo wangu. Kukaa ni kazi ninayoijua vizuri kuliko zote, siku ukitaka nitakufundisha bure.

Mimi sijambo, ila uielewe sijambo ya mtu wa miaka hamsini na mbili. Goti la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Jino lile la mwisho limeniaga. Kitambi kipo, kinakusalimu.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu yako inakamata kwa kubahatisha, na ikikamata unacheka kabla sijafika mwisho wa sentensi, nami nikisikia unacheka nasahau nililokupigia. La safari hii sitaki nilisahau. Rajabu anavuka mto kesho kutwa na mzigo wake kwa daraja la Mtambaswala, nimemkabidhi bahasha hii na mfuko wa ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. Mfuko niliufunga ukiwa umejaa. Ukifika umelegea, muulize Rajabu, usiniulize mimi.

Huku upepo wa kusi umeanza, asubuhi watu wanajifunika kama wagonjwa. Idi ya kuchinja ni wiki ijayo, kwa hiyo nguo za watu zimenijaa mpaka kitandani. Jirani yangu Mama Tumaini ameniletea kitambaa cha gauni na kuniambia nimpime kwa macho, maana tepu inamsingizia. Nimempima kwa macho. Nimeongeza inchi nne na nimenyamaza.

Sasa nije kwa Zawadi, kwa sababu najua umeruka mistari yote ya juu ukimtafuta mwanao.

Zawadi ni mzima. Amerefuka. Ulipomwacha kwangu na miaka minane alikuwa ananifika kwenye mkanda, sasa nikitaka kumgombeza inabidi nikae mbali kidogo ili nisiinue shingo. Na anakimbia, Sharifa. Nilikwambia anakimbia, nawe ukadhani ni ule mchezo wa watoto. Siyo mchezo. Kila Jumamosi anakwenda kwa miguu mpaka Mikindani kumjulia hali Mama mdogo Somoe, na anafika kabla ya bajaji iliyotoka hapa pamoja naye, kwa sababu bajaji inasimama kupakia abiria, yeye hasimami. Nimemshonea suruali ndefu na mtandio wa kukimbilia kwa kitambaa cha jezi. Mtandio wa kwanza ulimbana akawa kama mtu anayeumwa meno. Wa tatu ndio umekaa sawa.

Mwalimu wao wa michezo anaitwa Mathayo, mtu wa Mbulu, mwembamba kama ufito na mdomo mrefu kuliko mbio zake. Mwaka jana alikuja dukani kwangu kushonesha kola, akaniambia, "Mzee Hemedi, nyie watu wa pwani Mungu aliwapa nazi. Pumzi alitupa sisi wa milimani." Nikamjibu kwamba angalau nazi inaliwa. Mwezi mmoja baadaye Zawadi akashinda mita elfu tano kwenye mashindano ya mkoa, akamwacha wa pili kwa muda ambao ungetosha kuanua nguo zote kambani. Tangu siku hiyo Mathayo hajataja nazi.

Yeye ndiye aliyetuletea hao watu wa chuo. Walikuja mwezi wa pili, kabla ya Ramadhani, watafiti kutoka chuo kimoja cha huko juu, wakiongozwa na daktari mwanamke anaitwa Faraja. Walitaka kujua kwa nini watu wengine wanaweza kukimbia mbali bila kuchoka na wengine hawawezi, na kiasi gani cha hayo kimo kwenye vinasaba, yaani kwenye urithi wa damu. Waliita wakimbiaji wa mkoa na wazazi wao. Mtoto na wazazi watapimwa kwa mashine, kisha watatema mate kwenye kichupa.

Wewe upo Nampula, kwa hiyo nikaenda mimi. Pale ndipo kosa lilipoanza, na ni kosa langu, sitaki umlaumu mtu.

Kulikuwa na dada mmoja wa fomu, anauliza bila kuinua macho. Nani anaishi na mtoto? Nikasema mimi. Nani anaamua asome wapi? Mimi. Akiposwa, nani anaulizwa? Nikamwambia, dada yangu, hilo nalo la kuuliza? Mimi. Siku ya kutolewa mwali, nani alisimama? Hapana, hilo hakuuliza, nilimwongezea mwenyewe. Basi akaandika neno moja kwenye kile kisanduku, nami nikalisoma kichwa chini miguu juu: Baba.

Sharifa, kwetu hakuna mtu angekosea hivyo. Mjomba ni mjomba, na mtoto ni wa ukoo wa mama, hata kuku wanajua. Lakini dada yule alikuwa wa kwao, na foleni ilikuwa ndefu mpaka mlangoni. Ningeweza kusema, "Futa, andika mjomba." Sikusema. Nikwambie ukweli ambao sikumwambia mtu: lile neno lilinipendeza. Tangu wifi yako Latifa atangulie mbele ya haki, na sisi hatukujaaliwa, hakuna karatasi yoyote iliyowahi kuniita hivyo. Nikaliacha lilivyo, nikatema mate.

Wakanipandisha na mimi kwenye mashine. Ni mkanda unaozunguka chini ya miguu, na usoni wanakufunga barakoa yenye mpira ili wapime hewa unayotumia. Kazi yangu miaka thelathini ni cherehani. Ukiniondolea mguu mmoja wa kukanyagia, mwili mzima uliobaki haujawahi kuambiwa ukimbie. Nilidumu dakika nne. Dakika ya tatu nilianza kutoa shahada. Dokta Faraja akazima mkanda akasema, "Asante baba, tumepata tulichotaka." Mpaka leo sijui walitaka nini.

Kisha akapanda Zawadi. Dakika kumi, kumi na tano, na ile barakoa usoni, na anaongea! Anamweleza Dokta habari za paka wa Mama Tumaini aliyezaa ndani ya beseni la unga. Dokta anamwomba anyamaze ili mashine isome, ananyamaza, akisahau anaanza tena pale pale alipoachia. Watu wakacheka. Mimi niligeuka nikatazama ukuta.

Kwa sababu nilimwona Mama. Wewe huwezi kukumbuka. Tukitoka shambani, kile kilima cha Mikindani, Mama na ndoo ya mihogo kichwani na wewe mgongoni, anapanda anasimulia. "Paukwa!" anasema, na sisi nyuma yake, mimi na watoto wa Mama mdogo, tumebeba mikono mitupu, hatuna pumzi ya kusema "Pakawa." Anangoja. Anasema tena, "Paukwa!" Kimya. Anacheka peke yake, anaendelea na hadithi. Mama hakuwahi kuhema katika maisha yake. Hata alipokata roho alikata kimya kimya, kama mtu aliyemaliza kusema.

Ramadhani ikapita. Baada ya Idi, Dokta Faraja akanipigia niende peke yangu kwenye chumba walichopanga kule mjini. Nikajua ni ugonjwa. Nikaoga, nikavaa shati la Ijumaa. Akaniagizia soda, akafunga mlango, akakaa, akasimama, akakaa tena.

"Mzee Hemedi," akasema, "kwanza nataka ujue kwamba kulea ni zaidi ya kuzaa."

"Alhamdulillahi," nikasema. "Nina miezi mingapi?"

"Ya nini?"

"Ya kuishi."

Akasema, "Hapana, wewe huumwi, ni kitambi tu." Halafu akashusha sauti kama mtu anayeingia kwenye msiba, akanieleza kwamba kwa mujibu wa mate yale, mimi na Zawadi ni ndugu wa damu, lakini mimi siye baba yake. Akaweka mkono juu ya meza karibu na wangu, macho yamemlowa, maskini. Nikacheka. Nilicheka mpaka soda ikanipanda puani. Dokta akadhani nimerukwa na akili, akataka kumwita mtu.

"Mwanangu," nikamwambia, "hayo ningekwambia bila mashine. Baba yake yuko Kitaya, analima mpunga."

Hapo yeye hakucheka. "Sasa kwa nini fomu inasema baba?"

Nikamweleza mila. Yeye ni wa Bukoba, kwao mtoto ni wa baba na ukoo ni wa baba, kwa hiyo nilimweleza polepole. Aliandika yote. Ile sababu nyingine sikumweleza, na hakuiandika.

Ikabidi niende Kitaya kumwomba Bakari mate. Sina ugomvi na shemeji wa zamani, unajua, hata mlipoachana aliniletea samaki. Nilimkuta bondeni, matope mpaka magotini, na yale magoti yake yanayolia kama bawaba. Nikamweleza shida yangu nikiwa ukingoni, nikiogopa kuchafua viatu.

Akanyooka taratibu. "Hemedi, ngoja nikuelewe. Miaka kumi na saba mnaniambia mtoto si wangu, ni wa kwenu. Akitahiniwa, wa kwenu. Akishinda mbio, redioni wanasema mpwa wa fundi Hemedi wa Rahaleo. Leo mnataka mate yangu?"

"Kidogo tu, shemeji."

"Na nikikataa?"

"Tutasema mbio zote ni za kwetu."

Akatema pale pale, kile kichupa kikajaa mpaka kikafurika. Akasema, "Waambie na magoti wasiyasahau." Kisha akaniuliza anaendeleaje, kama anakula, kama bado anaongea sana. Akauliza maswali mengi kuliko nilivyotegemea, na wakati naondoka alikuwa bado amesimama kwenye matope, hajaanza kazi. Nilifikiri njiani kwamba labda si mimi peke yangu niliyetamani kile kisanduku.

Tarehe ishirini Mei wakatuita kusikia majibu, na Mama mdogo Somoe akaja kutoka Mikindani na mwavuli wake, hakualikwa. Dokta Faraja alisema vizuri, bila makuu. Alisema hakuna kinasaba kimoja cha mbio ambacho mtu anacho au hana. Viko vingi mno, na kila kimoja kinasukuma kidogo tu, kama watu wanaosukuma gari lililokwama. Alisema uwezo wa mwili kutumia hewa, takriban nusu mtu anazaliwa nao, iliyobaki anaitafuta barabarani kwa mazoezi, chakula na usingizi. Hata mazoezi yenyewe hayawapi watu sawa: wawili wakikimbia njia moja miezi sita, mmoja atapaa na mwingine atabaki alipokuwa, na hilo nalo kwa sehemu ni la kuzaliwa. Mate hayawezi kumwambia mtu nani atashinda. Lakini mashine ilichopima kwa Zawadi, hajakiona kwa msichana wa umri wake, mlimani wala pwani. Mwalimu Mathayo alikuwa anatazama viatu vyake.

Halafu akaeleza jambo moja la ziada. Ndani ya mwili, katika kila chembe, kuna vitu vinaitwa mitokondria. Ni kama majiko madogo madogo yanayochoma chakula kuwa nguvu, na bila hayo hakuna mbio wala hakuna kuinua kijiko. Urithi mwingine wote unatoka kwa wazazi wawili, lakini majiko haya yana urithi wao wa peke yake, na mtu anaupata kwa mama tu. Ya baba hayapiti. Mama anampa binti, binti anampa binti yake, hivyo hivyo toka enzi.

Mama mdogo akagonga sakafu na mwavuli. "Yaani mmesoma vitabu vyote hivyo kuja kutuambia mtoto ni wa ukoo wa mama? Si mngeniuliza mimi! Ningewaambia, na wala nisingewatemesha watu mate."

Chumba kizima kikacheka. Dokta mwenyewe akacheka, akasema ni sehemu ndogo tu ya habari, asije akanukuliwa vibaya. Na mimi kwa kiherehere changu nikanyoosha mkono. "Dokta, na mimi ninayo hayo ya Mama?"

"Unayo, mzee. Yale yale ya mama yako, ya dada yako, ya Zawadi. Ila mwanamume hayapitishi. Yako yanaishia kwako."

Alisema kama mtu anayetaja saa. Hakuwa na ubaya. Watu wakacheka tena, nami nikacheka, maana ndiyo kazi yangu popote penye watu. Nilirudi nyumbani nikashona mikono ya gauni la mtu nyuma mbele.

Siku mbili baadaye Mwalimu Mathayo akaja dukani na barua. Hakumpa Zawadi, alinipa mimi, amekaa na sisi miaka ya kutosha kujua mlango wa kubisha. Kuna kambi ya wakimbiaji kwao Mbulu. Wanamtaka. Miaka miwili, atakaa bweni, atasoma kidato cha tano na cha sita shule ya jirani, atakimbia kwenye milima na wenzake. Wanataka kibali cha mama na cha mlezi kabla ya tarehe ishirini Juni. Mathayo aliniambia, "Mzee, nilikosea kuhusu nazi," akaondoka haraka kabla sijamjibu.

Ile barua niliiweka kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo.

Sasa nisome vizuri, Sharifa, kwa sababu hapa ndipo penye sababu ya karatasi hii. Mathayo hakujua kufunga mdomo, Zawadi akasikia. Akaniuliza. Nikamwambia ndiyo, barua ipo, nimeshakuandikia wewe, tunasubiri jibu lako. Sikuwa nimekuandikia. Wiki ya kwanza akaniuliza kila asubuhi. Nikamwambia njia mbaya. Wiki ya pili akauliza mara moja. Nikamwambia huenda mama yako ana shughuli na mapacha. Hilo nililitamka kwa kinywa changu, mimi kaka yako. Halafu hakuuliza tena.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, yeye yuko uani na Mama Tumaini, wanachambua mchicha. Mama Tumaini akamuuliza safari lini. Akasema, "Mama yangu hajajibu, shangazi. Nafikiri amesahau kwamba nina miguu." Akacheka. Kicheko chako, Sharifa, kile cha kukatiza sentensi. Lakini hakikufika mwisho.

Unielewe, sikumficha kwa sababu ya Mbulu. Mbulu sina neno nayo. Ni nyumba. Asubuhi anaamka anaongea, anachota maji anaongea, anarudi mazoezini ananisimulia ameonana na nani, nani amenenepa, mbwa gani amemkimbiza. Mimi nachangia "ehee" na "kumbe". Nyumba hii ina vyumba vitatu na sauti moja, na sauti yenyewe si yangu. Mama hayupo, Latifa hayupo, wewe upo ng'ambo ya mto. Nikahesabu waliobaki nikashindwa kufika mbili bila yeye.

Jumapili baada ya chai nikaitoa barua, nikaiweka mbele yake, nikamwambia yote. Alisoma. Akaikunja kwa mikunjo yake ile ile. Akaosha vikombe.

Hakusema kitu kutwa nzima. Alinipakulia, akaniwekea maji ya kuoga, akatandika, adabu zote ziko mahali pake, ila sauti hakuna. Nilisikia saa ya ukutani, nikagundua kuwa inachelewa. Nilimsikia jirani wa tatu anakohoa. Ndipo nikajua nyumba hii itakuwaje, na kwamba kwa kumzuia nimejiletea kile kile nilichokikimbia, na mapema.

Jumatatu sikuweza kukaa. Nikatoka kwenda kwa Mama mdogo Mikindani kujishitaki, na kwa aibu nikaenda kwa miguu. Nilitembea saa tatu na nusu, Sharifa. Nilipofika ufukweni bajaji zote zilikuwa zimeshanipita zikirudi. Kwenye kile kilima nilisimama mara sita, mara ya nne nikajifanya nasoma bango. Mama mdogo aliponiona alidhani nimeleta habari ya msiba. Nikampa shikamoo nusu, nusu nyingine ikakosa hewa.

Akanipa maji, akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si desturi yake. Kisha akasema, "Hemedi, mwali anawekwa ndani ili atoke. Na wa kumtoa ni mjomba. Wewe umemweka ndani ili akae."

Akanipa ming'oko ya kuchemsha, hiyo niliyokutumia ni ya kwake, na akanirudisha kwa bajaji.

Jana Jumanne, mchana, nikiwa napiga pindo, nikasikia nyuma yangu:

"Mjomba."

"Naam, mama."

"Baridi ya Mbulu ikoje?"

Nikainuka nikafungua sanduku. Nikatoa koti. Nililishona kwa blanketi la mtumba, zito, la bluu, lina bitana ndani na mifuko miwili ya kutia mikono. Sijawahi kushona koti la baridi tangu nizaliwe, nani avae hapa? Nilikata kwa kukisia, nikafumua, nikakata tena. Alilivaa pale pale, jua la saa saba, jasho likaanza kumtoka. Mikono ilimzidi.

"Ni mirefu," akasema.

"Nimeacha ya kukulia. Miaka miwili."

"Umelishona lini?"

Nikamwambia, tangu wiki ile barua ilipofika. Akanitazama, akanitazama tena. "Mjomba, wewe bwana! Mkono mmoja unafunga mlango, mwingine unashona koti la safari?" Nikasema mikono yangu haijawahi kuniuliza. Basi akacheka, safari hii mpaka mwisho, na alipoanza kuongea hakunyamaza mpaka adhana ya magharibi, koti mwilini, anapangusa jasho na mkono wa koti jipya.

Fomu ya kibali imo ndani ya bahasha. Sahihi yangu nimeshaitia, pale palipoandikwa mlezi. Chini yake nimeongeza kwa kalamu: mjomba. Nawe tia yako, kama unaona sawa, umpe Rajabu anayerudi Jumanne. Kama huoni sawa, niambie, nitamwambia mwenyewe, safari hii kwa maneno yako ya kweli. Lakini kwanza mpigie. Panda huko kwenye mwinuko unakopata mtandao, umwambie hukuwahi kuulizwa. Usinitetee.

Akijaaliwa ataondoka tarehe ishirini na mbili, baada ya Idi.

Mwalimu Mathayo anakusalimu, anasema ndugu zake watampokea Babati. Bakari anakusalimu, yeye na magoti yake. Mama Tumaini anakusalimu na anasema gauni limemkaa vizuri sana kwa macho. Mama mdogo Somoe anakuombea dua na anauliza utakuja lini umwone, miaka minne tangu arobaini ya Mama si siku chache. Nisalimie shemeji Mustafa. Wabusu mapacha, na uwaambie wafumbue macho. Mwenyezi Mungu awakinge katika kila njia mnayopita, na mto huu usiwe mpana kuliko alivyouumba.

Kwangu usihofu sana. Dokta alisema majiko yangu yanaishia kwangu, basi nimeonelea niyatumie yaishe. Mama mdogo amezoea mgeni wa Jumamosi, na haifai akae akitazama barabara. Nitakuwa nakwenda mimi, kwa miguu. Ukinipigia Jumamosi asubuhi nami nikachelewa kupokea, usidhani nimekasirika. Nitakuwa kwenye kile kilima, natafuta pumzi ya kusema "Pakawa."

Ni mimi kaka yako akupendaye, na anayehema,

Hemedi